Tao Lililotangulia

Kwenye barabara yetu kuna nyumba saba, na kila nyumba ina jirani wake wa kwanza, aliyepangwa tangu enzi za mababu. Mtoto akizaliwa, jirani wa kwanza ndiye anayepeleka habari nyumba kwa nyumba. Mtu akifa, ndiye anayeshika jeneza upande wa mbele. Na likija jambo la heri, harusi au miaka hamsini ya ndoa, jirani wa kwanza ndiye anayejenga tao mlangoni: fremu ya chuma iliyofungwa matawi ya msonobari, na juu yake mawaridi ya karatasi, mia nne au mia tano, yaliyokunjwa kwa mkono na barabara nzima huku chupa za bia zikipita. Mimi, Bernard Geurkink, dereva mstaafu wa kijiko cha kuchimbia udongo, ni jirani wa kwanza wa akina Te Brake. Nimejenga matao tisa maishani mwangu, na katika hayo tisa ni moja tu lililonitoa jasho la aibu.

Kisa chenyewe kinaanza na binti yao, Jorien. Alikuwa na miaka mitano alipokuja uani kwangu akiendesha kibaiskeli kisicho na breki, akataka nimjengee kilima. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nilikuwa na udongo uliobaki kwenye kazi ya mtaro, nikaumwaga karibu na banda, nikaushindilia kwa mgongo wa kijiko. Akakipanda kile kilima, akakiruka, akaanguka kifudifudi. Aliinuka na udongo mdomoni akasema kiongezwe urefu. Baba yake, Wim, akaja na buti zake za zizini, akatazama, akaniambia nikiendelea hivi nitamuulia mtoto. Halafu akachukua sepetu akanisaidia kuongeza.

Miaka miwili baadaye klabu ya kijiji ikapewa kiwanja kando ya mfereji, wakataka njia ya mbio za BMX, zile za baiskeli ndogo zinazoruka matuta. Mwenye kijiko nilikuwa mimi, kwa hiyo kazi ikawa yangu, Jumamosi kumi na moja mfululizo, malipo kahawa na mkate wa soseji. Matuta niliyatengeneza vizuri, na kona ya kwanza pia. Kona ya pili niliiharibu. Nilipima kwa macho badala ya kamba, na nilipogundua, mfereji ulikuwa umeshanibana. Ikatoka kona fupi, imesimama wima, hata mtu mzima akiingia kwa kasi anatupwa nje. Herman Lubbers wa nyumba ya nne, muuza matairi ya trekta mwenye mdomo usio na mlango, alisema sikujenga kona, nimejenga bakuli la supu. Jina likabaki. Mpaka leo wageni wakija kushindana wanaulizana kama wameshaonja supu ya Geurkink.

Jorien peke yake hakulalamika. Aliisoma ile kona kama wenzake walivyosoma vitabu. Akagundua kwamba ukiacha wenzako wang'ang'anie chini, wewe ukapanda mpaka ukingo wa juu kabisa, unapata mteremko wa bure, unakata chini kwa ndani na kutokea mbele yao. Alikuwa na miaka tisa. Alipofika kumi na miwili akawa bingwa wa nchi wa wasichana wa umri wake, na siku hiyo nilimwambia neno ambalo huku kwetu ndilo sifa kubwa kuliko zote: ingeweza kuwa mbaya zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi hatutaki tembo letu liingie maji hata tone. Mke akikupikia chakula ukasikia raha mpaka kwenye kucha, unasema ingeweza kuwa mbaya zaidi, na yeye anaelewa. Jorien alielewa pia, akacheka, akaenda kununua viazi vya kukaanga.

Alipofikisha miaka kumi na saba wakamchukua kituo cha taifa karibu na Arnhem, mahali ambapo kilima cha kuanzia kina mita nane na ukisimama juu yake unaona mapaa ya nyumba. Lakini jina lake halikutoka kwenye orodha ya zamu za klabu. Kila alipopangiwa, alirudi na reki yake, akalainisha kona ya pili, akala tosti moja kwenye kantini, akalipia. Akiwa wa tatu barani Ulaya alifanya hivyo, na hakuna aliyemwona wa ajabu kwa kufanya hivyo. Mimi nilimtazama kutoka juu ya tuta huku kifua kimenijaa, nikamwambia reki anaishika vibaya.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Jorien alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kiangazi chote kile alikuwa akishinda kana kwamba wenzake wanaendesha kwenye matope. Fainali ya dunia ilikuwa Ubelgiji, mwendo wa saa tatu kwa gari. Nikapiga hesabu kwamba mbio zikiisha Jumapili alasiri, jioni ile ile atakuwa mlangoni kwao, na hatutapata muda wa kujenga. Basi nikajenga Jumamosi. Mke wangu, Diny, aliniambia waziwazi, "Bernard, kutangulia si kufika." Nikamjibu kwamba ninajua nilichokiona. Tukakunja mawaridi mia nne ya rangi ya chungwa, rangi ya timu zetu za taifa, na juu kabisa, katikati, nikaweka namba moja ya mbao, kubwa kama mlango wa kabati, niliyoipaka rangi mwenyewe.

Kwenye tuta la pili kutoka mwisho gurudumu lake liligusana na la mwenzake. Alianguka kwa bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika vipande viwili, na tuliokuwa tukitazama kwenye televisheni tukasikia watangazaji wakishusha sauti. Mimi nilikaa mbele ya televisheni iliyozimwa mpaka jioni, ndipo nikatoka mbio na koleo kwenda kukata waya za tao. Nilikuwa nimefika ngazi ya tatu gari la Wim lilipoingia. Barabara nzima ilikuwa imesimama pale, watu na bia zao mikononi, hakuna aliyejua aziweke wapi. Jorien akashuka, mkono umefungwa kifuani, uso umevimba kwa kulia. Akasimama chini ya tao akaitazama ile namba moja kwa muda mrefu, na mimi juu ya ngazi na koleo langu.

"Mawaridi mazuri," alisema, akaingia ndani.

Kesho yake nilivunja tao. Nikaitangazia barabara kwamba kwa yule binti sitajenga tena, maana mimi ni bundi wake. Hakuna aliyebisha, hata Herman. Fremu niliisukuma nyuma ya silo. Namba na mawaridi Diny aliyatia kwenye magunia ya chakula cha ng'ombe akayapandisha darini, kwa sababu mke wangu hajawahi kutupa kitu kinachoweza kufaa siku moja.

Ikapita miaka minane. Walimtia bamba la chuma begani, akapoteza mwaka mzima. Akarudi akawa wa nne duniani, kisha goti likamsaliti, kisha akawa wa pili kwa upana wa tairi, na picha ya mstari wa mwisho ilipotoka magazetini Wim aliikata akaitia kwenye droo, hakuionyesha kwa mtu. Waandishi wakaanza kumwita mkongwe. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, anashindana na mabinti wa kumi na tisa. Kila nilipomwona kwenye televisheni amesimama nyuma ya lango la kuanzia mbio, nilitoka nje, nikakaa na ng'ombe wa Wim mpaka mtu aje kuniambia. Diny alisema ng'ombe wale wanazijua mbio za BMX kuliko mimi.

Majira ya kuchipua yaliyopita Jorien alikuja kwetu kunywa kahawa. Alichukua biskuti yake moja, kopo likafungwa kama ilivyo desturi yetu, akasema mwaka huu ndio wa mwisho. Ameshafikisha thelathini na moja, na mashindano ya dunia safari hii yanafanyika nchini kwetu, mwezi wa nane. Hapo ataaga, iwe amepata au amekosa. Taji la dunia ndilo jambo moja ambalo hakuwahi kulipata, na sote mezani tulijua, kwa hiyo hakuna aliyelitaja. Alikoroga kahawa yake, akanitazama.

"Jirani, ile fremu bado unayo?"

Niliona tena mkono uliofungwa kifuani na uso uliovimba. "Fremu gani? Nilishaiuza kwenye vyuma chakavu," nikamwambia.

"Aha," alisema. "Sawa."

Niliona mabega yake yakishuka, nikadhani mzigo umemtoka. Diny alipokuwa akiosha vikombe alisema mimi ni mpumbavu, lakini hakufafanua, na tangu tuoane ameniita hivyo mara nyingi kiasi kwamba sikuuliza.

Wim na mkewe walininunulia tiketi. Nikaikataa, nikasema bundi hapelekwi harusini. Basi Jumapili ile Wim na mkewe walikwenda, na sisi wengine wa barabara tukakusanyika kwenye banda la Herman, watu kama kumi na watano, mbele ya televisheni kubwa aliyoinunua kwa ajili ya mpira. Mimi nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Katika nusu fainali alipita kwa taabu, wa nne kati ya wanne wanaochukuliwa. Kwa hiyo kwenye fainali wenzake walichagua nafasi langoni kabla yake, akabakiwa na ya nane, ukingoni kabisa, mbali na kona. Herman akasema kwamba kutoka pale afadhali akate tiketi ya treni. Hakuna aliyecheka. Wasichana wanane wakasimama juu ya kanyagio, magurudumu yamegusa lango. Nikageuka niende kwa ng'ombe.

"Bernard," Diny alisema bila kugeuza kichwa, "ukitoka leo, usirudi kula."

Nikabaki. Lango likaanguka. Kutoka juu walishuka kama maharage yaliyomwagwa, na kwenye tuta la kwanza sikumwona kabisa. Kwenye kona ya kwanza alikuwa wa tano. Mfaransa mmoja wa miaka ishirini alikuwa mbele, amejitenga, anaruka matuta kana kwamba hayapo. Jorien akampita mmoja kwenye kipande cha pili kilichonyooka, na mwingine akateleza mwenyewe, akawa wa tatu. Kwenye kipande cha tatu alikuwa ubavuni mwa Mwaustralia, viwiko vinagusana. Akamwacha nyuma. Akawa wa pili, imebaki kona moja, na mbele yake ni yule binti wa Kifaransa aliyeinamia upande wa chini, njia fupi, kama anavyofundishwa kila mtu mwenye akili.

Jorien akapanda juu. Alikwenda mpaka ukingo wa kona, mahali ambapo hakuna anayekwenda, na mtangazaji akasema amepotea njia. Mimi nilijua. Nilijua kabla baiskeli haijageuka, kwa sababu njia hiyo alijifunza kwenye kona yetu ya pili, kwenye udongo nilioumwaga mimi mwenyewe vibaya miaka ishirini na minne iliyopita.

"Supu," alisema Herman kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, anakunywa supu."

Akakata chini. Alimtokea Mfaransa kwa ndani, wakaruka tuta la mwisho bega kwa bega, na kwenye mstari wa mwisho alimzidi kwa nusu gurudumu. Banda zima likalipuka. Kiti kilivunjika, sijui cha nani. Herman Lubbers, mtu ambaye sikuwa nimemshika hata mkono kwa miaka mingi, alinikumbatia akanilowesha bia mgongoni. Nililia bila kujificha, na sikuona sababu ya kujificha, maana bingwa wa dunia alikuwa ametoka kwenye barabara yetu, nyumba ya sita, uani kwangu.

Ndipo wakamhoji. Amevua helmeti, nywele zimeganda kwa jasho, mwandishi akamuuliza bingwa anafanya nini baada ya hapa. Jorien akatazama kamera moja kwa moja.

"Kesho mchana narudi nyumbani kupita chini ya tao," alisema. "Majirani zangu watakuwa wameshalijenga. Wale hawachelewi kamwe."

Vichwa kumi na vinne vikageuka mlangoni, vikanitazama mimi.

Herman ndiye aliyesema. "Haya, bundi. Umesikia. Nchi nzima imesikia."

Nikasema fremu ipo. Nikasema sikuiuza, nilidanganya, iko nyuma ya silo imeota upupu. Diny akasema anajua. Wanaume watatu wakaenda na trekta kuivuta, wengine wakaenda na msumeno msituni kwa Herman kukata matawi. Tatizo likawa mawaridi. Ilikuwa Jumapili, duka la kijiji limefungwa, na kwetu Jumapili hata angefufuka mfalme wa zamani asingefunguliwa duka. Diny akapanda darini akashusha magunia. Mawaridi ya miaka minane iliyopita yalikuwa yamepauka, rangi ya chungwa imekuwa kama chai ya maziwa, na panya walikuwa wamekula karibu nusu. Tulihesabu yaliyobaki tukaona aibu.

Lakini sisi hatutupi vitu. Mama mmoja wa nyumba ya pili akakumbuka leso za karatasi zilizobaki kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme, za rangi ya chungwa zenye picha za kofia ndogo za kifalme. Ikaonekana kila nyumba ina pakiti yake kabatini, iliyofunguliwa ikatumika nusu, inangoja mwaka mwingine. Zikaletwa zote. Tukakaa kwenye meza ya Herman mpaka wakati wa chakula cha jioni tukikunja leso, wazee wenye vidole vya kukamulia ng'ombe, tukigombana nani anakunja waridi na nani anakunja kabichi. Asubuhi tukasimamisha tao mlangoni kwa akina Te Brake. Ile namba moja ya mbao niliipangusa vumbi nikairudisha pale pale juu. Haikuhitaji rangi.

Jorien alifika saa saba mchana. Barabara yote tulikuwa pale, na safari hii kila mtu alijua aiweke wapi bia yake. Akashuka na medali mfukoni, kamba yake inaning'inia nje kama ya saa ya babu. Akaja moja kwa moja kwangu, si kwa tao.

"Uliniambia umeiuza."

"Nilidanganya."

"Nilijua," alisema. "Mguu wake mmoja unaonekana nyuma ya silo kutoka dirisha la chumba changu. Miaka minane nauona kila nikija kulala kwetu. Ndiyo maana nikasema kwenye televisheni. Hapa mezani ungenikatalia, lakini mbele ya nchi nzima ungeanzia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kwamba niliona namna alivyoitazama ile namba moja siku ile, na kwamba tangu hapo sikutaka macho yake yaione tena, maana nilimtangulizia ushindi nikamletea balaa.

Jorien akatikisa kichwa. "Jirani, siku ile nilikuwa nimeamua kuacha. Ndani ya gari nilishamwambia baba, baiskeli iuzwe. Halafu nikashuka nikaikuta ile namba, na wewe juu ya ngazi na koleo. Nikasema, kumbe hawa wameshafika. Aliyebaki njiani ni mimi tu."

Wim alikuwa nyuma yake. Alivua kofia, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeandaa maneno yetu, yale manne ya siku zote. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza. "Jorien," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "naona fahari juu yako. Nasema mbele ya watu wote hawa. Naona fahari tangu kile kilima cha uani, ulipoinuka na udongo mdomoni. Kila siku niliiona, na sikusema hata siku moja."

Kwenye barabara yetu neno kama hilo halijawahi kusemwa kwa sauti, na watu hawakujua watazame wapi. Herman alichunguza matairi ya gari la Wim. Diny alinishika mkono akaubana.

Jorien akaenda akasimama chini ya tao. Akatazama juu, akatazama yale mawaridi yaliyopauka ya siku ile na yale mapya ya leso, kofia za kifalme zikiwa zimepinduka juu chini, na makabichi ya Herman, na ile namba yangu moja. Alitazama kwa muda mrefu, kama mara ya kwanza. Halafu akanigeukia, macho yamejaa.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi, jirani," alisema.